Shikilia, Achilia

Silinda ndogo ya klachi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, niliibadilisha mwenyewe, Jumamosi asubuhi, hapa Donholm, Nairobi, kwa sababu fundi wa kona alinitajia bei iliyoniudhi. Kipuri nilikitoa Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wenye magari makuukuu bado tunaiita Grogan, pamoja na chupa ya mafuta ya breki. Klachi ya Toyota 110 yangu inatumia mafuta hayo hayo.

Kufunga kipuri hakukunisumbua. Balaa ilikuwa hewa. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Ikishaingia kwenye paipu, pedali inazama kama umekanyaga uji na gia inalia kama mbuzi wa Krismasi. Kuitoa kunataka watu wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa chini, na spana namba kumi, anafungua skrubu ya kutolea hewa, mapovu yanatoka kwa mpira mwembamba, anaifunga, ndipo wa juu anaachilia. Akiachilia mapema, hewa inavutwa tena ndani, na mmerudi mlikoanzia.

Mke wangu alikuwa saluni. Nyumbani alikuwepo mama mkwe tu, mgeni wetu kutoka Voi, ambaye nilipaswa kumfikisha kwenye basi la saa nane kwa gari hili hili.

"Mama, naomba mguu wako kidogo," nikasema, na papo hapo nikajuta nilivyolisema.

Akaketi kwenye usukani na viatu vyake vya kanisani. Nikajilaza juu ya katoni, nikajisukuma chini ya gari.

"Shikilia, Mama!"

Akaachilia.

"Mama, nilisema shikilia."

"Si ndiyo nimeachilia?"

Hebu yaseme maneno hayo mawili ukiwa chini ya injini, huku matatu zinapiga honi huko nje. Kinachofika juu ni "-ilia" peke yake. Halafu huyu si mtu wa kufokewa. Fundi akikasirika humporomoshea kijana wake matusi hadi kazi iishe. Mimi nilikuwa na "tafadhali Mama" na "samahani Mama", basi.

Baada ya raundi saba akachoka na mimi. "Baba Neema, tutumie maneno tunayoyajua. Ukisema Bwana asifiwe, nakanyaga. Nikifika chini nitajibu Amina. Nisiposikia Haleluya, siachilii."

Mpango ukakubali. "Bwana asifiwe!" "Amina!" "Haleluya!" Askari wa lango akavua kofia. Jirani wa ghorofa ya pili akashuka mbio na Biblia yake, na alipoona miguu yangu tu imenyooka chini ya gari, mama mzima kainamia usukani, akaanza kukemea mauti. Ilibidi nitikise kiatu ndipo apunguze sauti.

Pedali nayo bado uji. Raundi kumi, kumi na tano, mapovu yale yale. Nikaanza kumshuku mwenye duka kule Grogan.

Jirani, akiwa ameegemea gari kupumua baada ya maombi, akachungulia ndani ya boneti. "Ndugu, hiki kikopo huku juu huwa kinakaa kitupu?"

Kikopo cha mafuta. Tangu asubuhi sikuwa nimekiongeza hata tone. Tulikuwa tunatoa hewa huku chini na kuivuta nyingine huku juu, kwa sifa na shangwe.

Nikajaza. Haleluya nane tu, mapovu yakakatika, pedali ikasimama imara. Basi la saa nane nalo lilikuwa limeshapita Mlolongo, na chupa niliyoitua juu ya madigadi ilikuwa imevuja. Kufikia jioni rangi ilikuwa imenyanyuka kwa duara safi kabisa.

Juzi mama mkwe amepiga simu kutoka Voi. "Baba Neema, breki za gari la mchungaji zinazama. Nimemwambia asimwite fundi, unakuja Jumamosi. Mimi nitakanyaga."