Claudius apimwe kwa mkate

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamfahamu Claudius kwa jina la Klaudio, Kaisari wa Roma ambaye katika siku zake, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, ilitokea njaa iliyotabiriwa na nabii Agabo. Wengine wanamkumbuka kama mtu mwenye kigugumizi aliyejificha nyuma ya pazia siku Kaisari aliyemtangulia, Caligula, alipouawa, Januari 41, kisha akachukuliwa na askari walinzi hadi kambini mwao na kutangazwa mtawala. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyovuma, nami naona imemdhulumu, kwa sababu ile ya kwanza inagusa shughuli aliyoing'ang'ania kwa miaka 13, yaani kuilisha Roma.

Mji ule ulikula nafaka iliyovushwa baharini kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini, lakini mlango wa mto Tiber, pale Ostia, ulikuwa umejaa mchanga, hata meli kubwa zikalazimika kutia nanga nje na kupakulia shehena kwenye mashua huku mawimbi yakizitikisa. Claudius alipouliza gharama ya bandari mpya, wajenzi walimjibu kwamba akiisikia hataitaka tena. Akaanza kuijenga mwaka 42. Meli kubwa mno iliyomletea Caligula nguzo ya jiwe zima kutoka Misri (nguzo hiyo sasa imesimama mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro) ilijazwa zege, ikazamishwa, ikawa msingi wa mnara wa kuongozea meli. Fahari ya mtangulizi wake aliipatia kazi.

Njaa haikukoma kwa hayo. Mwaka 51 akiba ya mjini ilibaki ya siku 15 tu, na umati ulimzingira katika uwanja wa Forum, ukamtupia vipande vya mkate mkavu hadi akaponea mlango wa nyuma wa ikulu. Badala ya kulipiza kisasi, aliwahakikishia wafanyabiashara faida na kukubali kubeba hasara za dhoruba kwa waliothubutu kusafirisha nafaka majira ya baridi. Huo kwangu ni uongozi, ijapokuwa mama yake mzazi, Antonia, alizoea kumwita kiumbe ambacho maumbile yalikianza yasikimalize.

Simtakasi. Maseneta 35 waliuawa katika utawala wake, na habari za wakeze, Messalina na Agrippina, si za kumpa mume sifa. Lakini waliotuandikia habari zake walikuwa watu wa tabaka la juu, lililochukizwa kuona watumwa walioachwa huru, kama Narcissus na Pallas, wakishika nyaraka na fedha za dola. Tabaka hilo halikuwa na sababu ya kufurahia amri yake kwamba mtumwa mgonjwa aliyetelekezwa na bwana wake kwenye kisiwa cha Tiber akipona awe huru, na bwana atakayemuua ili asimuuguze ashtakiwe kwa mauaji.

Alifariki Oktoba 54, baada ya kula uyoga unaosemekana ulitiwa sumu na Agrippina. Bandari yake ilikuja kuchorwa, pamoja na meli zilizotia nanga ndani yake, kwenye sarafu za mrithi wake, Nero.