Mshenga wa viatu vya uji

Kuna familia moja kule Tukuyu mpaka leo ukiwatajia jina langu hawalijui, ila ukisema "yule wa uji" wanacheka mpaka wanatafuta pa kukaa. Naisimulia mwenyewe kwa sababu mdogo wangu anaisimulia kila kikao, na kila akisimulia anaongeza kuku.

Ilianza Uyole, Mbeya, mwezi wa saba. Kama hujawahi kuishi Uyole mwezi wa saba hutaelewa, ile sakafu ya sementi ukiikanyaga peku saa kumi na moja alfajiri unakumbuka madeni yote unayodaiwa pamoja na yale ambayo hujakopa bado. Ndala hazisaidii kitu, zenyewe zinakuwa zimeganda zinalia kama kadibodi. Waifu akasema twende Mwanjelwa tukanunue vile viatu vya ndani vya manyoya, nikaulizia bei nikaambiwa elfu kumi na tano jozi moja, na kwangu tuko watano. Nikakaa kimya kidogo nikasema hatununui, natengeneza.

Sasa mimi ni Mkinga wa Makete, na Wakinga sifa yetu inajulikana nchi nzima, biashara. Mimi ndiye yule mmoja ambaye duka lilimfia mikononi. Mtaji uliondoka, ubahili ukabaki.

Nikaingia YouTube nikakuta mama mmoja wa Kizungu anakata jinzi chakavu, anapitisha kwenye cherehani mara mbili tatu, dakika kumi na mbili hizo ana viatu miguuni anacheza na paka. Cherehani sina, paka sina, ila jinzi chakavu ninazo za kutosha maana mitumba ya wakati ule ilikuwa haiishi, unavaa mpaka inakuchoka yenyewe. Tatizo likawa soli. Yule mama yeye alikuwa na soli za kununua, na mimi nikinunua soli nimeokoa nini?

Nikaendelea kuperuzi ndipo nikakutana na Wachina, na hawa ndio walioniponza. Kumbe Wachina tangu enzi wana viatu vya kitambaa ambavyo hata soli yake ni kitambaa, wanachukua matambara wanayapaka uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, wanaanika, yakikauka wanayarundika halafu wanashona soli yote kwa uzi wa katani, mshono umebanana na mshono, mamia kwa mamia, mpaka inakuwa ngumu kama ubao. Mimi nikasikia uji tu. Ile sehemu ya mishono mamia kwa mamia bando lilikuwa linaelekea kuisha, nikaruka mbele.

Jumamosi nikaingia jikoni. Unga wa ngano ulikuwa kidogo nikaongezea sembe, nikakoroga nzitoo ile ya kushika mwiko. Waifu akapita akauliza unapika nini, nikamwambia gundi. Akachovya kidole akaonja, akaniangalia, akasema mbona gundi ina chumvi. Kweli bana, nilikuwa nimetia chumvi, mkono una mazoea yake. Nikamwambia inasaidia isioze. Nilitunga papo hapo.

Nikachora mguu wangu kwenye boksi la tambi, nikakata jinzi vipande nane kila soli, nikapaka uji nikabandika, nikapaka nikabandika, mpaka mikono ikawa kama ya mtu aliyekuwa anakanda chapati gizani. Nikalaza zote chini ya gunia la viazi siku tatu, halafu siku mbili pembeni ya jiko la mkaa. Zilipotoka pale nilijishangaa mwenyewe. Ngumu! Ukigonga mezani zinalia ko ko ko, mwanangu wa darasa la pili alikuwa anafanya homuweki kule chumbani akaitikia "karibu".

Kushona nikatumia ile sindano ya kushonea magunia, nikazungusha pembeni tu, katikati nikaacha, uji si upo. Juu nikaweka kitambaa cha jinzi, ndani nikatandika kipande cha blanketi. Vilikuwa vizuri. Sisemi kwa sababu ni vyangu, hata mwenye nyumba alivisifia na yule mzee hajawahi kusifia kitu tangu tumehamia. Nikawatengenezea na watoto, na waifu naye akavaa japo kwa maringo.

Usiku wa tatu panya akatafuna ncha ya soli moja. Mtu mwenye akili zake angekaa chini ajiulize panya anatafuta nini kwenye kiatu. Mimi nikanunua sumu ya panya.

Na sifa zikanipanda kichwani. Kabatini kulikuwa na suruali ya suti yangu ya harusi, nyeusi, kitambaa kizuri kabisa, imegoma kufunga kiunoni tangu 2016. Nikaikata nikatengeneza jozi ya kutokea. Ukiwa mbali ungesema mokasini za dukani. Ule mfuko wa nyuma wa suruali, na kifungo chake, sikutaka kuuharibu, nikaupanga ukakaa juu kabisa ya mguu wa kulia. Kiatu chenye mfuko, nani mwingine anacho?

Basi wiki hiyohiyo, ikiwa zimebaki siku chache Nanenane ifike, mdogo wangu akapata majibu kwamba tupeleke barua ya posa Tukuyu. Baba yetu hayupo tena, kaka mkubwa ni mimi, mshenga tukaona tusimtafute mbali. Msafara ulikuwa mimi, baba mdogo aliyetoka Makete, shangazi, na bwana harusi mtarajiwa mwenyewe ambaye kwa utaratibu hakutakiwa hata kuwepo ila alikataa kubaki.

Viatu vyangu vyeusi vya ngozi vilikuwa kwa fundi pale stendi, vilifumuka mdomo, na fundi alikuwa kwenye siku ya nne ya "njoo kesho braza". Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nafika, kibanda kimefungwa kwa kamba na jiwe. Waifu alishasema vaa raba. Nikamwambia mshenga haendi ukweni na raba kama anakwenda kucheza mchangani. Nikavaa zile za suti. Noti ya elfu kumi ya nauli ya kurudi nikaiweka kwenye mfuko wa kiatu, nikafunga kifungo. Nilijiona mjanja sana.

Uyole tuliondoka kukavu, vumbi tupu. Kufika Isongole ukungu. Kufika Kiwira kosta imewasha waipa. Wenyeji mnaijua Rungwe, ni katika wilaya zinazonyesha sana nchi hii, Tukuyu mvua haina likizo, mtoto yeyote wa Mbeya anajua ukienda Tukuyu hata iwe kiangazi beba mwavuli. Mimi nilibeba barua.

Tukashuka barabarani tukaanza kukata kwa miguu kupitia migombani, njia nyembamba, nyasi zimelala na maji, na yale manyunyu ambayo hayaonekani ila yanakulowesha mpaka mfupa. Mwanzo nikasikia ubaridi tu kwenye vidole. Baadaye kidogo ile ko ko ko ikageuka pwacha pwacha. Halafu nikaanza kujiona narefuka, yaani soli zinavimba, zinaumuka kama maandazi, natembea kama mtu amekanyaga magodoro. Kila hatua mguu unataka kwenda kushoto na kiatu kinataka kubaki.

Baba mdogo aliyekuwa nyuma yangu akasimama, akanusa hewa.

"Mbona nasikia harufu ya uji?"

Nikamjibu, "Hata mimi baba, nadhani wanatuandalia."

Tukafika. Nyumba nzuri, uani kuna mbuzi amefungwa kwenye mparachichi, kuku wa kienyeji hawahesabiki. Salamu za Kinyakyusa, mugonile, ndaga, karibuni sana, viatu tukavua pale mlangoni barazani kama ilivyo ustaarabu, na sijawahi kufurahia ustaarabu kama siku ile. Nikaingia na soksi zimenata zile, nikakunja miguu chini ya kochi.

Maongezi yakaanza. Nikasimama, nikasema yale maneno, tumepita tumeona ua zuri bustanini kwenu, kijana wetu kalipenda, na kadhalika na kadhalika. Barua ikasomwa. Mzee aliyekuwa msemaji wao, mtaratibu kweli, koti la suti na kibaragashia, akasema ng'ombe tisa, mkaja wa mama, koti la babu, blanketi la bibi. Nikasema mzee tupunguzieni, hali ngumu. Akacheka kwa upole.

"Nyie Wakinga? Kila soko nikienda wenye maduka ni nyie. Hali ngumu ya nani?"

Watu wakacheka, hata shangazi yangu akacheka, sijui alikuwa upande gani. Nikaanza kujieleza kwamba mzee si kila Mkinga ana duka, wengine tunaishi kwa kuungaunga, na wakati huo kule nje kuku wamepandisha kelele, ile sauti kuku anaitia vifaranga akiona chakula, koo koo koo, si kuku mmoja, ni kwaya. Mama mwenye nyumba akasema hawa kuku leo wamepata nini? Mimi naongea huku jasho linanitoka, kwenye baridi ile, maana ndani ya kichwa changu yule panya wa usiku wa tatu ndiyo kwanza ameanza kueleweka.

Mlango ukasukumwa, katoto ka miaka kama mitano, kanahema:

"Bibi! Kuku wanakula kiatu cha mgeni!"

Hakuna aliyesema kitu. Halafu wote wakainuka, na mimi nikainuka, ningefanyaje.

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefunguka tabaka zote nane, zimelala wazi kama daftari lililosahauliwa kwenye mvua, na katikati ya kila ukurasa uji umelainika mweupe, vifaranga wamepanda juu wanadonoa kama wako kwenye sinia. Jogoo alikuwa amevuta kipande cha suruali ya harusi yangu anakimbia nacho na wenzake wanamfukuza. Cha kulia kilikuwa kwa mbuzi. Mbuzi na chumvi mnawajua, alikuwa analamba taratibu kabisa, amefumba macho, na ule mfuko alishautafuna pamoja na kifungo, nikaona kona ya elfu kumi yangu inaingia mdomoni, nikaiona na jicho langu hili, sikuweza kufanya kitu. Utamkimbizaje mbuzi wa wakwe siku ya posa, tena kwa soksi?

Bibi mzaa baba akasogea na mkongojo wake. Akainama, akachukua kipande cha soli, akakisugua kwenye vidole, akanusa. Halafu, jamani, akaonja.

"Ni uji," akasema. Akatafakari kidogo. "Umetiwa chumvi."

Baba mdogo akanigeukia polepole sana. Mdogo wangu alikuwa anaangalia paa. Nikaona hapa uongo hauwezi kusaidia, nikaeleza, habari ya Wachina, matambara, gunia la viazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya maana yule mzee msemaji alianza kunisikiliza kwa huruma, ile ya mtu anayesikiliza mgonjwa.

Akakohoa. Akaomba dakika chache wakateta. Wakaenda nyuma ya nyumba, sisi tukabaki barazani, mimi peku, shangazi amejifunika uso na khanga mabega yanatetemeka, sijui kulia sijui nini. Wakarudi. Mzee akasema, sauti ya chini kabisa kama yuko msibani, kwamba wametafakari, wameona hali, ng'ombe ziwe saba, na lile koti la babu basi. Na blanketi la bibi nalo akasema tuliache.

Bibi akadakia palepale.

"Blanketi langu nalitaka! Ila lile la dukani. Asije akanitengenezea huyu."

Tulikula ndizi na nyama, tukanywa chai, wakanipa na mabuti ya mvua ya baba mwenye nyumba nirudi nayo, makubwa namba mbili zaidi, nikitembea yanapiga kofi kwenye mashavu ya miguu. Kwenye kosta nauli akanilipia mdogo wangu. Hakunisemesha. Baba mdogo naye kila baada ya muda anatikisa kichwa tu anasema "chumvi", basi, ananyamaza. Karibu na Kiwira simu ikaita, ni fundi wa stendi, braza kiatu chako tayari, uko wapi njoo uchukue.

Tulipoipita Kiwira mdogo wangu akatoa simu akafungua kikokotoo. Nikamwona anabonyeza, ng'ombe mbili, mara bei ya ng'ombe, kaongeza koti. Akaangalia ile namba muda mrefu. Halafu akanisogelea sikioni.

"Kaka, vile vya jinzi bado unavyo? Siku ya kupeleka mahari uvivae."