Nibofyie nikubofyie

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu. "Wanablogu tusaidiane jamani. Ingia kwangu, bofya tangazo moja, andika 'tayari', nami naja kwako sasa hivi." Chini yake mikono ya dua, mioyo, na viungo vya blogu mpaka kidole kinachoka kushuka. Kila baada ya miezi michache mchezo huu hufufuka, na kila ukifufuka kuna watu wanaoamka asubuhi wakakuta akaunti zao za AdSense, huduma ya Google inayowalipa wenye blogu kwa kuweka matangazo, zimefungwa. Halafu wanarudi kwenye grupu lilelile kuuliza wamekosa nini.

Kichekesho kwanza. Tangu mwanzoni mwa 2024, AdSense haimlipi mwenye blogu kwa mbofyo, inamlipa kwa tangazo kuonyeshwa. Mtangazaji anaweza kuwa bado analipia mbofyo huko kwake, lakini hesabu inayokufikia wewe imeshageuzwa kuwa ya maonyesho. Yaani watu wanahatarisha akaunti nzima kwa ajili ya kitu ambacho hata hakiko kwenye stakabadhi yao ya malipo. Hongereni.

Lakini tuseme mbofyo bado ungelipwa. Pesa hiyo inatoka kwa nani? Wengi wanaongea kama vile Google ina kisima cha dola, ukitumbukiza ndoo unavuta. Anayelipa ni mtangazaji. Akitoa dola 1 kupitia Google Ads, jukwaa la upande wake hukata wastani wa asilimia 15, na katika kinachobaki wewe unapata asilimia 80. Piga hesabu: ni kama senti 68. Kila senti yako imetoka mfukoni mwa mtu anayeuza viatu, bima au kozi, na mtu huyo ameweka msimbo kwenye tovuti yake unaomwambia nani amenunua, nani amejisajili, nani ameingia na kutoka.

Sasa mtazame mtu huyo siku grupu lilipomwagika kwako. Mibofyo arobaini ndani ya saa moja, wote wamekaa sekunde tatu, hakuna aliyeshuka kusoma, hakuna aliyenunua hata kamba za viatu. Anaweza kuiondoa blogu yako kwenye orodha ya mahali matangazo yake yanapotokea, na kufanya hivyo hakumchukui hata dakika. Asipofanya yeye, mfumo wa mnada, ambamo watangazaji hushindania nafasi kwa dau, unaona kuwa nafasi zako hazileti wateja, na dau linashuka. Kwa hiyo hata usipofungiwa, umeshajipalia makaa: wasomaji wako wa kweli, waliokuja kwa hiari, sasa wanauzwa bei ya kutupa kwa sababu ya wenzako wa "tayari".

Na kukamatwa si muujiza. Blogu ambayo kwa kawaida hupata mbofyo mmoja au chini yake katika maonyesho mia, leo inapata kumi na mbili. Wabofyaji wote wameingia kupitia kiungo kimoja cha grupu. Simu zilezile zinaonekana kwenye blogu thelathini tofauti, zikibofya kila mahali, na wamiliki wa blogu hizo thelathini nao wanabofyana. Hata mtoto angeuchora mtandao huo kwa penseli. Kubadili anwani ya IP au kutumia VPN hakusaidii, maana kinachokuumbua ni mwenendo wa kikundi kizima.

Adhabu huja kwa ngazi. Ya kwanza ni ile tofauti kati ya mapato ya makadirio na mapato yaliyothibitishwa: mwezi mzima unaona dola 41, mwezi ukifungwa zimebaki 17, zilizokatwa zimerudishwa kwa watangazaji. Ya pili ni kikomo cha kuonyesha matangazo, ambapo nafasi zako nyingi zinakaa tupu kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Ya tatu ni kufungiwa. Kuna fomu ya rufaa, lakini ukikataliwa huruhusiwi kufungua akaunti nyingine, na ya mke au kaka itakayotumika kwenye blogu ileile haifiki mbali.

Nakubali, shingo upande, kwamba Google nayo haina huruma. Hufunga bila kusema ni mbofyo upi, wa siku ipi, kwa hoja kwamba ikieleza inawafundisha wezi. Kuna wasio na hatia wanaoingia humo. Ndiyo sababu zaidi ya kutoichezea.

"Sasa tupate wapi pesa?" Kwenye hesabu, si kwenye dua. RPM ni mapato ukigawa kwa kurasa zilizotazamwa, ukizidisha mara 1,000. Kama kurasa 1,200 zimekupa dola 1.80, RPM yako ni 1.50. Malipo hutoka ukifikisha dola 100, kwa hiyo unahitaji kurasa kama 66,700. Ukiipandisha RPM hadi 3, unahitaji nusu yake, bila kuongeza msomaji hata mmoja.

Inapandaje? Kwa tangazo kuonekana. Kipimo cha sekta ni kwamba angalau asilimia 50 ya eneo la tangazo iwe kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Bango ulilolizika chini kabisa ya ukurasa halifiki hapo. Linaongeza uzito tu na kushusha wastani wako. Kwenye ripoti tafuta safu ya Active View, inayoonyesha ni matangazo mangapi yalionekana kweli, angalia kila nafasi kivyake, kisha ng'oa zile dhaifu. Kwa kawaida nafasi inayofanya kazi ni ya pikseli 300x250 au 336x280 baada ya aya ya pili, na nyingine katikati ya makala ndefu. Itengee kimo chake mapema, kama min-height (kimo cha chini kabisa) ya pikseli 280, la sivyo maandishi yanaruka tangazo linapoingia, CLS (kipimo cha kuruka kwa ukurasa) inapita 0.1, na kidole cha msomaji kinaangukia tangazo bila kukusudia. Mbofyo wa bahati mbaya nao ni batili. Kwa sababu hiyohiyo usiliweke chini ya menyu au kando ya kitufe cha "Pakua hapa". Matangazo ya chini yachelewe kupakiwa mpaka msomaji akaribie. La juu lisichelewe.

Matangazo ya kujiweka yenyewe (Auto ads) ni sawa kwa anayeanza, mradi upunguze idadi yake kwenye mipangilio. Ukiyaachia, kwenye simu makala inageuka vipande vya aya kati ya mabango. Viwango vya Coalition for Better Ads, umoja wa kampuni za matangazo, vinataka matangazo yasizidi asilimia 30 ya urefu wa makala kwenye simu, na Chrome inaweza kuyazuia yote kwa tovuti inayorudia kukiuka.

Faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo kwenye blogu yako, lina mstari mmoja tu, lakini watu hulikosea kila siku. Ni google.com, kisha pub- na tarakimu zako 16, kisha DIRECT, kisha f08c47fec0942fa0, vyote vikitengwa kwa mkato. Kosa la kwanza ni kunakili "ca-pub-" kutoka kwenye msimbo wa tangazo. Hapa inaanza na "pub-". La pili ni kuliweka ndani ya folda badala ya kwenye mzizi wa kikoa, yaani moja kwa moja baada ya jina la tovuti.

PIN ya anwani, namba ya kuthibitisha unapoishi, hutumwa na AdSense kwa posta ukifika dola 10. Una miezi minne ya kuiingiza. Andika anwani ambayo barua hufika kweli. Januari bei ya matangazo hushuka baada ya kampeni za mwisho wa mwaka. Usibomoe blogu kwa hofu.

Kama ulishabofyana nao, toka kwenye grupu leo na ukiondoe kiungo chako pale. Zima matangazo kwa siku mbili tatu mpaka wimbi lipite, kwa kuwa ukurasa usio na tangazo hauna cha kubofya. Kisha jaza fomu ya AdSense ya kuripoti mibofyo batili, ukitaja tarehe, kurasa zilizohusika, na chanzo cha trafiki kama kinavyoonekana kwenye takwimu zako.