Mjomba, Okonomiyaki na Feni

Daktari alimwagiza mjomba wangu apunguze wanga, na mjomba aliitii amri hiyo kutoka Tanga hadi Osaka, Japani, alipokuja kunitembelea mwezi wa Agosti na kukutana na harufu ya okonomiyaki. Hii ni chapati nene ya kabichi: rojo la unga wa ngano, mayai, supu ya samaki na kiazi kikuu kilichokunwa huchanganywa na kabichi iliyokatwakatwa, kisha hukaangwa juu ya bamba la chuma, mara nyingi pamoja na vipande vya nyama ya nguruwe. Daktari alikuwa amekwisha kuukataza unga, dini ikaikataza nyama, na mjomba akabakiwa na kabichi na mayai.

Nikaahidi kumpikia ya aina yake nyumbani. Mahali pa unga na kiazi nilitia tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, iliyokamuliwa maji na kupondwa, nikaongeza kamba na vitunguu vya majani. Rojo la namna hiyo halina cha kulishikamanisha ila mayai, kwa hiyo chapati hufanywa ndogo, hufunikwa, na huachwa kwenye moto mdogo mpaka upande wa chini ukauke, ndipo igeuzwe upesi kwa miko miwili bapa ya chuma. Mjomba aliyasikiliza hayo kama mtu anayesomewa utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine.

“Mjomba, nipishe,” akaniambia. “Mimi nageuza chapati tangu mama yako hajaolewa.”

Akalimimina rojo lote kwa mkupuo, likajaa kikaango cha umeme kilichokuwa mezani, na kabla halijashika akaingiza miko chini yake, akapiga bismillahi, akarusha. Nusu iligeuka kwa adabu. Nusu ya pili ilipiga ukingo wa meza na kutawanyika sakafuni, na kamba mmoja alikuja kuonekana jioni ndani ya kiatu changu, mlangoni, tunakovua viatu.

Kilichosalia tulikikusanya kwenye sahani. Mjomba akakimwagia sosi nzito ya kahawia na mayonezi, vyote viwili vikimfika hadi kwenye ndevu. Nilimkumbusha kwamba sosi hiyo ina sukari. Lakini niliposema kwamba kampuni moja ya Hiroshima huitia pia tende, alinyanyua chupa upya, akidai kwamba tende ni sunna.

Nikanyunyiza katsuobushi juu yake, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo, kisha akarandwa vipande vyembamba kupita karatasi. Mvuke wa chakula huvifanya vipande hivyo vijikunje na kupunga, na mjomba, ambaye hakuwa ameonywa, aliruka na kiti chake.

“Hiki ki hai!”

Akanyoosha mkono, akafungulia feni hadi mwisho ili apoe huyo mnyama. Katsuobushi yote ikapaa, ikamvaa usoni, ikaganda palipokuwa na sosi na mayonezi.

Wakati huohuo simu ikalia, nayo ilikuwa ya video. Mkewe alimtazama kwa muda, akauliza ndevu zimeota magome tangu lini.

“Ndicho chakula alichoagiza daktari,” mjomba akajibu, huku kipande kimoja kikimpepea juu ya nyusi.

Mkewe akataka kujua ni daktari yupi huyo, wa watu au wa mifugo.