Inchi mbili za Daktari Johnson

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya kiwanja nikimngoja binti yangu amalize mazoezi, wazazi wenzangu wakipiga soga. Katika kusogoa nikawasimulia habari za Daktari Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia, Mmarekani mweusi aliyewafundisha watoto weusi tenisi, na ile sheria yake ya inchi mbili. Baba mmoja, kavaa suti ya michezo ambayo bado ina mikunjo ya dukani, akacheka. Eti huyo daktari alikuwa anawafundisha watoto weusi unyonge. Nikanyamaza kwa kuwa watoto walikuwa karibu. Hapa hakuna watoto.

Sheria yenyewe ni hii. Mpira wa mpinzani ukitua nje ya mstari kwa inchi moja au mbili, hesabu umeingia na uurudishe. Pima kwenye meza uliyokalia: ni kama vidole vitatu. Usibishane. Usitupe raketi. Mkibadilishana pande, okota mipira iliyo karibu nawe umkabidhi mpinzani. Mtoto aliyeshindwa kuyafuata hayo alirudishwa kwao, hata kama pigo lake la mkono wa mbele lilikuwa moto wa kuotea mbali.

Ukiyasikia hayo Nairobi au Dar mwaka huu, ukiwa na maji baridi ya chupa mkononi, utaona unyonge. Sawa. Lakini mwenye mtoto anayecheza mashindano ya vijana anajua kwamba raundi za mwanzo hazina mwamuzi. Wachezaji wenyewe ndio wanaosema umeingia au umetoka. Ni neno lako dhidi ya neno la mwenzako. Sasa mchukue mtoto mweusi wa miaka 12, mpeleke Kusini mwa Marekani miaka ya 1950, msimamishe mbele ya mtoto wa kizungu ambaye baba yake, mwalimu wake na mwenye kiwanja wote wako ukutani wanatazama. Mpira umetoka kwa upana wa kidole. Mtoto mweusi aseme umetoka. Neno la nani litasimama? Na jioni ile, waandaaji ambao hawakuwataka watoto hawa tangu mwanzo, wataandika nini kwenye barua ya kuwafungia nje mwaka unaofuata? Wataandika kwamba ni walaghai na wakorofi. Barua ile ilikuwa imeshaandikwa vichwani mwao, ilikuwa inangoja sababu tu. Johnson aliwanyima sababu. Ule mpira wa inchi mbili ulikuwa nauli, na aliilipa kwa macho makavu ili mtoto wa kumi nyuma yake apate kuingia langoni.

Na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa tabibu, daktari wa kwanza mweusi kuruhusiwa kutibu katika hospitali kuu ya Lynchburg. Chuoni alicheza futiboli ya Kimarekani, wakamwita Whirlwind, Kimbunga, na tenisi aliishika ukubwani. Nyumbani kwake, Pierce Street, alikuwa na kiwanja chake mwenyewe uani. Kila kiangazi aliwachukua watoto, akawalaza, akawalisha, akawasafirisha, mfuko wake ndio uliotoboka. Althea Gibson alianza kwenda huko mwaka 1946. Miezi ya shule akikaa kwa daktari mwingine, Hubert Eaton, North Carolina, kiangazi kwa Johnson. Mwaka 1957 akabeba Wimbledon, 1958 akabeba tena.

Arthur Ashe, bingwa wa baadaye, alifika mwaka 1953, ana miaka 10, mwembamba kama mti wa ufagio. Na mti wa ufagio ndio aliopewa, maana watoto wa Johnson walijifunza kulenga mpira kwa mpini wa ufagio kabla ya kuchezea raketi. Walipalilia bustani, walisafisha banda la mbwa. Ashe, kama mtoto yeyote aliyefunzwa na mtu anayempenda, akagoma: Bwana Charity, mwalimu wangu wa Richmond, hakunifundisha hivi. Akapigiwa simu baba yake. Baba akawasha gari kutoka Richmond hadi Lynchburg, akamwambia mwanawe kwamba sasa mwalimu ni Daktari Johnson, basi fuata anachosema. Habari ikaishia hapo. Nawaombea wazazi wa siku hizi, wale wanaomfuata kocha hadi chooni kumuuliza kwa nini mtoto wao hakupangwa, roho ya yule baba.

Tuseme basi ni unyonge. Mnyonge huyo Ashe ndiye aliyeomba viza ya Afrika Kusini akanyimwa kwa rangi yake, akaendelea kuipigia kelele serikali ile mpaka mwaka 1985 akakamatwa mbele ya ubalozi wao Washington. Mwaka 1992, akiwa mgonjwa wa UKIMWI, akakamatwa tena nje ya Ikulu ya Marekani akiwatetea wakimbizi wa Haiti. Akafariki miezi michache baadaye. Wanyonge wa namna hiyo tungepata watano tu hapa kwetu, mabunge yetu yangechangamka.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna uchungu ndani yake. Mtoto kumpa mwenzake pointi aliyoitolea jasho, tena akiwa anatabasamu, ni mzigo ambao hakuna mtoto wa kizungu aliyetwishwa. Na wapo ambao waliondoka Pierce Street wakiwa wamechoka na tabasamu hilo. Lakini anayestahili lawama ni aliyeweka mlango, si aliyetafuta namna ya kuupita.

Mlango wenyewe mnaujua? Kulikuwa na mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari, yakichezwa Chuo Kikuu cha Virginia, Charlottesville, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka kwa Johnson. Weusi hawakuruhusiwa. Akaomba, akabembeleza, akasumbua, na mwaka 1951 akaingiza vijana wawili. Walitolewa raundi ya kwanza, walipigwa vibaya. Mwingine angeona aibu akarudi kwenye zahanati yake. Yeye akarudi na watoto wengine mwaka uliofuata, na uliofuata. Mwaka 1961 Ashe akalichukua kombe lile. Mwaka huohuo, jiji la Lynchburg lilipoona vijana weusi wanataka kuogelea kwenye mabwawa ya umma, liliyafunga mabwawa yote. La Riverside Park likafukiwa udongo. Heri wazungu wasiogelee kabisa kuliko kuogelea pamoja. Huo ndio mji uliomlea bingwa kila kiangazi, na leo mji huo unajivunia.

Nasema hivyo bila kuubeza, kwa sababu angalau umejivunia kwa vitendo. Nyumba ya daktari na kiwanja chake viliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria mwaka 2002. Kiwanja kilikuwa kimechakaa, kikakarabatiwa, watoto wakarudi kukichezea. Hatua chache kutoka hapo, nyumba ya mshairi Anne Spencer ni makumbusho. Mtaa mmoja, na jiji limejua kuutunza, japo kwa kuchelewa.

Sisi? Mkenya Angella Okutoyi alipochukua taji la wasichana wawili-wawili Wimbledon mwaka 2022 kila mtu alikuwa shangazi yake. Wanaofundisha watoto wa aina yake kwenye viwanja vyenye nyufa hawana shangazi. Namjua mmoja, alianza kwa kuokota mipira ya wanachama wa klabu. Sasa anafundisha watoto wao tangu alfajiri, na chai anainywea nyuma, kwenye kibanda cha mashine ya maji, kwa sababu viti vya barazani ni vya wanachama. Kila msimu ana mtoto mmoja au wawili wasiolipa, ambao uongozi unajifanya hauwaoni. Akifa tutachanga, tutashona fulana zenye picha yake, na mtu atasoma wasifu wenye makosa ya tarehe.

Johnson naye alikufa 1971, miaka minne kabla Ashe hajamfunga Jimmy Connors fainali ya Wimbledon. Gibson aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Tenisi la Kimataifa mwaka huohuo wa 1971, Ashe 1985. Mwalimu wao aliingizwa 2009. Yaani wakuu wa tenisi walihitaji miaka 38 kuulizana hawa wawili walijifunzia wapi.