Maji yote kwenye begi la mmoja

Kinachokera kwa wenza wanaotembea milimani kutwa nzima wakati wa ukame ni hiki: maji yote yako kwenye begi la mmoja. Mwenye begi ana mwendo wa haraka, katangulia. Mwenzake yuko nyuma dakika 20, koo limemkauka, hana hata tone. Kila mtu abebe yake jamani! Kwenye jua kali mwili unahitaji takriban nusu lita kwa saa, na mlima ukiwa mkali hufika lita nzima. Mwendo wa saa 8 basi ni lita 4 hadi 8 kwa kila mtu, si kwa wawili. Lita moja ni kilo moja, na mzigo huo unachosha kweli. Fupisheni njia, au ondokeni alfajiri.

Halafu kuna ile ya "tutajaza kijitoni". Mstari wa buluu uliokatikakatika kwenye ramani ni kijito cha msimu. Ukame ukikolea, hata usiokatika hukauka. Dimbwi linalobaki lina tope linaloziba chujio upesi, kwa hiyo acheni maji yatuame, yapitisheni kwenye kitambaa safi, ndipo mchuje.

Na chumvi nayo husahaulika. Kunywa maji matupu kupita kiasi huku jasho likitoka hushusha sodiamu, yaani madini yaliyo kwenye chumvi, mwilini: kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, mtu anadhani ni kiu, anaongeza maji. Bebeni vitafunwa vyenye chumvi.

Maji yakifika nusu kabla ya nusu ya njia, geukeni mrudi.