Tulipolipiga msasa sikio la Mutunga

Mwaka 2011 kinyozi wangu alizima mashine katikati ya kichwa changu ili atazame runinga. Willy Mutunga, aliyependekezwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alikuwa anapigwa msasa, na kilichowakera wote mle dukani kilikuwa kipuli chake. "Mzee mzima!" kinyozi akaguna, kisha akaniuliza kama ningekubali korti zetu ziongozwe na mwanamume aliyetoga sikio. Nikamwambia ningependa kwanza kujua anavyoipima kesi. Akanimalizia kwa hasira, na kisogo changu kikalipa.

Tukumbuke tulikotoka. Katiba mpya haikuwa imetimiza mwaka. Mapema mwaka huohuo Rais Kibaki alimteua Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu. Mahakama Kuu ikasema utaratibu ule umekiuka Katiba, na jina likaondolewa. Ndipo Tume ya Huduma za Mahakama ikawahoji waombaji peupe, taifa likitazama, na ikampendekeza mtu ambaye Serikali ya Moi ilimtia kizuizini 1982, akaachiliwa 1983, na ambaye baadaye aliongoza Kenya Human Rights Commission, shirika la kutetea haki za binadamu. Kwa waliozoea Jaji Mkuu kuwa mtu wa Ikulu, huo ulikuwa mshtuko wa kutosha hata bila kipuli.

Na maswali mazito yalikuwepo. Hajawahi kukalia kiti cha jaji, atawaongozaje majaji waliozeekea humo? Mashirika aliyoyafadhili akiwa katika taasisi ya ufadhili ya Ford Foundation yakija na kesi, itakuwaje? Lakini kipuli kilipiga kelele kuliko yote. Viongozi kadhaa wa makanisa walimpinga, talaka yake ikaanikwa, na sikio likajadiliwa kana kwamba lenyewe ndilo lililoomba kazi. Mwenyewe akasema hakivui, hata kama ndiyo bei ya wadhifa.

Sisemi asingepingwa. Wanaharakati wetu wana tabia mbaya ya kumwita kibaraka yeyote anayemuuliza mwenzao swali gumu. Kuonja kizuizi cha Moi ni ushahidi wa ujasiri, si wa busara ya kuamua kesi. Ninachochukia ni uvivu. Rekodi ya mtu inataka kusomwa. Sikio unaliona ukiwa umekalia kochi.

Bunge likamwidhinisha Juni, na jibu likaja Machi 2013, Raila Odinga alipopinga kortini ushindi wa urais wa Uhuru Kenyatta. Katiba iliipa Mahakama ya Juu, iliyoongozwa na Mutunga, siku 14 tu za kuamua kesi. Upande wa Raila ukaleta hati ya kiapo ya ziada, mamia ya kurasa, na majaji wakaikataa kwa kuwa ilichelewa. Tarehe 30 wote sita wakasema kwa kauli moja kwamba Uhuru alichaguliwa kihalali. Miongoni mwa walioshindwa siku ile walikuwa shirika la kiraia la AfriCOG, watu wa harakati zilezile zilizomlea Mutunga.

Waliohofia kwamba angeigeuza mahakama kuwa uwanja wa maandamano wakafyata. Waliomshangilia wakamwita msaliti, na kwa wiki kadhaa nami nilikuwa miongoni mwao. Bado naamini ile hati ingesomwa, kwa sababu saa haiwezi kuwa na uzito kuliko ushahidi katika kesi ya nani atawale nchi. Kumbe hilo ndilo tungemkabia nalo koo 2011: muda wa sheria ukigongana na haki ya mlalamishi, utaegemea wapi? Sikumbuki mtu yeyote akilishupalia, mimi nikiwemo. Sote tulikuwa tunatazama sikio, wengine tukilikashifu, wengine tukilitetea.

Mutunga alistaafu 2016. Kinyozi wangu siku hizi anamsifu kila korti inapotoa uamuzi asioupenda: "Enzi za Mutunga, bwana!" Juzi nikamkumbusha kipuli. Akaapa hakuwahi kuwa na neno nacho, ni wale wateja wengine. Kijana wake aliyekuwa akinyoa kiti cha pili akacheka mpaka akazima mashine. Ametoga masikio yote mawili.